Kinjeketile: Ni Nani Aliyejifunza Vitani?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, katika insha nyingi kuhusu Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, utakutana na jibu lile lile: maji hayakuzuia risasi, kwa hiyo mwandishi anakashifu ushirikina. Jibu hili hupewa alama mbili tatu za huruma. Mimi singetoa hata moja. Linamgeuza Hussein kuwa mhubiri, na waliokufa katika Vita vya Maji Maji kati ya 1905 na 1907 kuwa wajinga.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulipita. Katika historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, muda mfupi tu baada ya wakulima wa Umatumbi kung'oa pamba. Vita viliendelea bila yeye. Katika tamthilia, Kinjeketile yu hai hadi mwisho, kifungoni pamoja na Kitunda, baada ya kushindwa. Kwa nini mtunzi amwongezee siku? Kwa sababu anataka aulizwe swali ambalo kitanzi kilimnyima nafasi ya kulijibu: je, maji yalikuwa uongo? Mjerumani anataka akane. Anakataa, ingawa yeye mwenyewe ana shaka, kwa kuwa anajua kukana kwake kutatumiwa kuwaambia wajukuu kwamba babu zao walipigania upuuzi. Shaka hiyo haikuanzia gerezani. Ilimwanza alipotambua kwamba utabiri uliotoka kinywani mwake ulikuwa unawafanya watu watoke kwa Mjerumani ili wawe watoto wa Seyyid Said. Umati haukusikia hilo. Ulisikia "vita" tu.

Mhusika wa kumchunguza hapa ni Kitunda. Huyu ndiye askari. Anapewa kazi ya kuvifunza vikosi na anajua kwamba umoja si mpango wa vita. Maji yaliwaunganisha watu ambao jana walikuwa wakitiliana shaka, na hiyo si kazi ndogo, lakini hayakumfunza mtu namna ya kuikabili bunduki ya rashasha. Tarehe 30 Agosti 1905, mbele ya boma la Mahenge, watu walifyekwa kwa mamia.

Watahiniwa wa Migori na Homa Bay mna mfano wa nyumbani. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisimulia kwamba alimezwa na Mumbo, joka la ziwani, akatapikwa mzima na kupewa ujumbe: Wazungu wataondoka. Imani hiyo ilienea Nyanza Kusini na Gusii. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii, Waingereza wakauhama mji kwa muda, na wafuasi wakaona utabiri umetimia. Mji ukaporwa. Adhabu ilifuata, kisha vijana wa sehemu hizi wakachukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, ile Kariakoo ambayo wengi hawakurudi kutoka kwayo. Linganisha Hongo na Mumbo, Rufiji na ziwa, halafu useme ni nini hakikuwapo upande wetu. Nadhani utamkosa Kitunda.

Jeshi la Wajerumani nalo lilijifunza, na somo lake lilikuwa la kutisha: risasi hushinda pambano, njaa humaliza vita. Vijiji na ghala vikachomwa. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Hapa naona pengo katika kazi ya Hussein. Onyesho la kwanza linatuonyesha wanawake wakizungumzia njaa. Kisha tamthilia inatekwa na wanaume, na njaa kubwa zaidi, iliyokuja baadaye, haimo jukwaani.

Taifa lilichukua muda zaidi kujifunza. Julius Nyerere alipohutubia Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliitaja Maji Maji, na TANU yake ilidai uhuru bila silaha. Iliuchukua ule umoja, ikayaacha maji.

Nasi Wakenya tusijidai. Kambi ya jeshi letu huko El Adde, Somalia, ilivamiwa tarehe 15 Januari 2016, na serikali haikutangaza rasmi idadi kamili ya waliouawa. Tarehe 27 Januari 2017 kambi nyingine, Kulbiyow, ilivamiwa vivyo hivyo. Darasani mwako huenda ameketi mtoto wa mwanajeshi. Mwulize nani anamiliki simulizi ya vita vilivyoshindikana, naye atalielewa lile onyesho la gerezani kabla hujaliandika ubaoni.

Kwa hiyo, mtahiniwa, ukiulizwa "Maji yalikuwa kweli au uongo? Jadili," usikimbilie upande mmoja. Onyesha yalivyofanya kazi kabla ya vita, yalivyoshindwa vitani, na kwa nini mtu mwenye shaka alikubali kufa badala ya kuyakana.