Mzazi na Watoto: Kusoma Rekodi ya Koni

Umeme wa Koni hutoka kwenye maji yaliyokwisha kufanya kazi. Juu yake, kwenye Mto Lufira huohuo, liko bwawa la Mwadingusha, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba vya Katanga. Koni ilifuata mwaka 1950, na mitambo yake huzungushwa na maji yaleyale ambayo Mwadingusha imeyaachia. Anayetaka kuona kiambatisho, yaani kitu kinachoning'inia chini ya kingine, bila kufungua kompyuta, aende akakitazame hapo.

Ninachotaka kukisoma, kama mtu asomavyo shairi, ni umbo tunalolitumia kila siku pasipo kulitazama: rekodi ya rejea katika maktaba ya pamoja, na mafaili yanayoning'inia chini yake. Nachukua Zotero, programu iliyotoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, kwa kuwa haina malipo na ndiyo wanafunzi wengi huanza nayo.

Umbo lake lina ngazi mbili. Juu yuko mzazi, mwenye mwandishi, mwaka, kichwa na mchapishaji. Chini wako watoto, yaani PDF, picha, sauti, madokezo. Faili mtoto linaweza kupewa kichwa na lebo, lakini halina sehemu ya mwandishi wala ya mwaka. Hivyo vyote ni vya mzazi. Tena faili likiingia, programu kwa desturi yake hulibatiza upya kwa sifa za mzazi: mwandishi, kistari, mwaka, kistari, kichwa. Ni mstari mmoja wenye vipande vitatu, na cha nne hakiingii mpaka mtu abadilishe mpangilio wenyewe.

Tuseme kikundi cha watafiti kimepata ripoti ya wahandisi ya miaka ya 1950 kuhusu kituo hiki. Jaladani jina la Koni halitakuwapo. Kituo kiliitwa Bia, kama Mwadingusha ilivyoitwa Francqui, na mji wa eneo hilo ulikuwa Jadotville, usigeuke Likasi mpaka 1966. Mhandisi wa leo ataandika Koni ili wenzake waipate wakitafuta. Mwanahistoria ataacha Bia, kwa sababu ndivyo hati isemavyo. Kila mmoja akiwa na maktaba yake, hakuna ugomvi. Katika maktaba ya pamoja sehemu ya kichwa ni moja, na wawili hao wakiihariri kila mtu kwake kabla mashine zao hazijawasiliana, programu huwaletea matoleo mawili na kuuliza lipi libaki. Madokezo na lebo zipo, ni kweli, na mtu mwangalifu ataweka Bia hapo. Lakini lebo haiingii kwenye jina la faili, na jina la faili ndilo linalosafiri siku mtu anapolituma kwa mwenzake wa Kolwezi.

Kuna kazi ya Katanga inayolipa umbo hili jaribio gumu zaidi. Mwaka 1965 André Yav, akiandika kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alitoa kijitabu kilichopigwa taipu kiitwacho Vocabulaire de Ville de Elisabethville. Kichwa ni cha Kifaransa, matini ni ya Kiswahili cha mjini humo, na si kamusi hata kidogo: ni historia ya mji inavyokumbukwa na waliopika na kufua humo. Ukiliachia jina lake liamue rafu, kitakaa na kamusi. Halafu atatokea mwanakikundi mwenye nia njema, aione hiyo “de Elisabethville”, adhani ni kosa la kuchapa, airekebishe iwe Kifaransa cha shuleni. Kwa kugusa herufi moja tu atakuwa amefuta sauti ya mwandishi mahali pa kwanza inaposikika.

Mwaka je? Mtafiti Johannes Fabian alikitoa kwa wasomi mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mwaka 2001 yeye na Vincent de Rooij wakakiweka kwenye hifadhi yao ya matini za Kiswahili cha watu, mtandaoni. Rekodi inataka mwaka mmoja. Ukichagua 1965, tafsiri ya Kiingereza itaonekana kana kwamba Yav aliiona. Ukichagua 1990, Yav anakuwa kiambatisho cha Fabian.

Na toleo hilo la Fabian halikujengwa kwa mzazi na watoto. Matini ya taipu ilikuwa ngumu kusomeka, maneno yameunganishwa au kukatwa pasipotarajiwa, kwa hiyo mshirika wa Fabian, Kalundi Mango, aliombwa aisome kwa sauti, akarekodiwa, kisha usomaji wake ukaandikwa. Basi kuna hati ya Yav, kuna usomaji wa Kalundi, kuna tafsiri, kuna maelezo. Ni kipi kati ya hivyo kinachoning'inia kwa kingine? Bila sauti ya Kalundi hati ingebaki fumbo kwa wengi, na bila hati Kalundi asingekuwa na cha kusoma. Mimi naona hawa ni ndugu wa tumbo moja, na Zotero haina neno la ndugu ndani ya rekodi moja. Ina uhusiano kati ya rekodi na rekodi, kwa hiyo dawa niionayo ni kuvitenga vitu hivyo viwe rekodi nne na kuziunganisha, ingawa huo ni utaratibu ambao kikundi chenye haraka hakiufuati.

Nafasi ya kuhifadhi nayo ina usemi wake. Katika maktaba binafsi unaweza kuonyesha tu faili lilipo kwenye mashine yako. Katika maktaba ya kikundi hilo halikubaliki: lazima nakala ipakiwe, na uzito wake huhesabiwa kwa mwenye kikundi, ambaye bila kulipa ana megabaiti 300. Ripoti kadhaa zilizoskaniwa vizuri zinatosha kuzimaliza. Hapo mwenye kikundi huanza kupunguza, na mkono huenda kwanza kwenye kizito, yaani sauti, kisha picha za kurasa. Hubaki matini safi iliyoandikwa upya, kilobaiti chache, ambayo haionyeshi tena mahali msomaji aliposita. Akifuta mmoja, imefutwa kwa wote.

Ile ripoti ya kituo, tukiirudia, huenda ikanusurika, kwa kuwa ni PDF moja. Kwenye skrini itaitwa Koni au Bia, kadiri ya aliyeshinda. Lakini fungua folda ambamo programu huhifadhi mafaili yake ndani ya kompyuta, utaikuta imelala kwenye kijifolda chenye alama nane tu, herufi na tarakimu zilizochanganywa, jina ambalo wanakikundi hawakulipigania kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliangalia.