Mshika Mawili: Lini Mhusika Achanganye Fani?

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Wachezaji wengi wa Dungeons & Dragons hawaikubali methali hii. Katika mchezo huu wa mezani, ulioanzishwa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, kila mchezaji hubuni mhusika, humpa fani, tuseme askari, mchawi au kasisi, kisha humpandisha ngazi kadiri hadithi inavyosonga. Kanuni humruhusu pia kuchanganya fani: askari wa jana akaanza leo kujifunza uchawi. Swali linalowagawa wachezaji ni lini afanye hivyo. Katika makala hii ninahakiki majibu ya matoleo mawili ya mchezo, la 1978 na la 2014, na kuyapima kwa maisha ya ufuo wa Ziwa Mweru, upande wa Nchelenge nilikokulia.

Nianze na jibu la hesabu. Katika toleo la 2014, anayetaka kuchanganya fani lazima awe na alama 13 katika sifa kuu za fani anayotoka na ile anayoingia. Zaidi ya hapo njia ni nyeupe. Lakini faida za kila fani zimepangwa kwa ngazi za fani hiyo. Askari hupata shambulio la ziada katika ngazi ya 5. Mchawi hupata uwezo wa kurusha mpira wa moto katika ngazi hiyo hiyo. Nyongeza ya kwanza ya sifa huja katika ngazi ya 4. Kwa hiyo askari anayehamia uchawini akiwa ngazi ya 3 huikosa nyongeza, na anayehamia akiwa ngazi ya 4 hulichelewesha shambulio la pili wakati maadui wanazidi kuwa wakali. Ndiyo maana ushauri unaosikika mara nyingi ni huu: subiri ngazi ya 5, kisha uchanganye.

Sitaudharau ushauri huo. Wapo wanaosema kwamba kuhesabu ni uroho na kwamba hadithi ndiyo kila kitu. Wanasahau kwamba mchezo huu ni wa kundi. Mhusika mmoja akibaki dhaifu, wenzake ndio humbeba, na wakati mwingine hufa kwa ajili yake. Hata hivyo, hesabu hutuambia tu lini mabadiliko yatakuwa na hasara ndogo. Haisemi kwa nini mtu huyu abadilike. Matokeo yake ni mhusika anayelala askari akaamka mchawi, bila mwalimu, bila kitabu na bila sababu.

Hapa ndipo kanuni ya 1978, inayolaumiwa sana kwa ugumu wake, inapostahili kutetewa. Katika toleo lile viumbe wasio binadamu waliweza kushika fani mbili kwa pamoja, wakigawa alama zao za uzoefu. Binadamu hakuruhusiwa. Alipaswa kuiacha fani ya kwanza na kuanza ya pili kutoka ngazi ya 1, akiwa na alama 15 katika sifa kuu ya fani ya zamani na 17 katika ile mpya. Kabla ngazi yake mpya haijaipita ya zamani, akitumia ujuzi wa zamani katika safari fulani, hakupata alama yoyote ya uzoefu kwa safari hiyo. Wengi huona adhabu hiyo kuwa ya kijinga. Mimi ninaiona kuwa ndiyo sehemu yenye hadithi ndani yake. Mchawi mchanga amezingirwa, na upanga aliouzoea uko kiunoni. Akiuchomoa atapona, lakini atakuwa amepoteza alichojifunza. Kazi ya zamani inamwita, na kuitika kuna gharama. Toleo la 2014 halina jaribu la namna hiyo.

Tuzipeleke sasa kanuni hizi ziwani. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaane. Mvuvi wa Nchelenge hageuki mtu mwingine siku hiyo. Huenda shambani kwenye mihogo, au huuza bidhaa katika soko la Kashikishi, au huvuka kwenda Kilwa, upande wa Kongo, kufanya biashara. Huko hukutana na sharti linalofanana na zile alama 13: asiyejua Kiswahili cha Katanga hupunjwa. Machi huirudia nyavu yake na kuendelea pale alipoachia. Kanuni ya 1978 haimwelewi, kwa kuwa humzuia binadamu kupanda tena katika fani aliyoiacha. Kanuni ya 2014 nayo haimwelewi, kwa kuwa huiona kila fani mpya kama bidhaa iliyopo dukani saa zote. Zote mbili hudhani kwamba anayeamua ni mhusika peke yake. Ufuoni kwetu, ziwa na sheria huamua kwanza. Mpumbu walipopungua sana katikati ya karne ya 20, hakuna aliyewauliza wavuvi kama wamefika ngazi ya 5.

Eneo hili lina mfano mwingine, nao ni wa kutisha. Katika tawasifu yake ya Kiswahili, iliyochapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, anasimulia jinsi alivyofika Itawa, kati ya Mweru na Tanganyika, kutafuta pembe za ndovu, na jinsi alivyomshinda mtawala Nsama mwaka 1867. Mfanyabiashara akawa mbabe wa vita. Baadaye, Utetela, alijitungia ukoo: alidai kwamba nyanyake alitoka huko, akakubaliwa na kupewa utawala. Msomaji aliyewahi kucheza atatambua hila hiyo. Mchezaji anayetaka faida ya fani mpya huzua ghafla babu mchawi ambaye hajawahi kutajwa. Mezani tunacheka. Katika tawasifu hatuwezi kucheka, maana ukoo huo wa kubuni ulimpa Tippu Tip watu na mali, na biashara yake ilikuwa pia ya watumwa. Mfano huu unaonyesha kwamba historia inayotungwa baada ya uamuzi hutumikia uamuzi huo tu. Haiwezi kuuhalalisha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mhusika achanganye fani pale hadithi inapokuwa imeshaanza kumbadilisha, na hesabu itumike kuchagua ngazi iliyo karibu na badiliko hilo. Anayetaka uchawi katika ngazi ya 6 aanze kuonekana na kitabu katika ngazi ya 3, amtafute mwalimu katika ya 4, na alipie muda wake kwa kukosa kitu kingine. Msimamizi wa mchezo naye asingoje kuombwa: afunge ziwa mara moja moja, ili upanga usifae kwa msimu mzima na askari alazimike kutafuta riziki kwingine. Tukifanya hivyo, methali haitakuwa imevunjwa. Mshika mawili ataendelea kuponyokwa na moja, ila tutajua ni lipi, na kwa nini alikubali liende.