Gama, Tawete, Komba: Jinsi Jina la Ukoo Linavyosomwa Ruvuma

Maandishi yanayohusu watu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa kabla ya ujio wa wamisionari ni machache mno, na kwa sababu hiyo jina la ukoo limekuwa miongoni mwa vielelezo ambavyo mwanahistoria wa uhamaji hulazimika kuvitegemea. Nchini Uingereza, ambako majina mengi ya familia yaliganda na kuwa ya kurithiwa kati ya karne ya 12 na ya 15, mtafiti hufuata jina katika orodha za kodi na vitabu vya parokia, kijiji hadi kijiji. Ruvuma ya karne ya 19 haina vitabu vya aina hiyo, hivyo mtafiti hulinganisha mahali jina linapopatikana leo na simulizi za safari za wenye jina hilo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa watawala wa Kingoni. Zwangendaba wa ukoo wa Jere aliuvuka mto Zambezi Novemba 1835 akitokea kusini, akafia Ufipa mwishoni mwa miaka ya 1840, na baada ya kifo chake wafuasi wake wakagawanyika. Waliorudi kusini kwa njia ya magharibi ya ziwa walibaki na jina la Jere, na ndiyo maana jina hilo hutawala hadi leo Mzimba, Malawi, na miongoni mwa Wangoni wa Mpezeni nchini Zambia. Kundi lililoongozwa na Zulu Gama na Mbonani Tawete liliteremka mashariki ya ziwa, likawakuta katika nchi ya Songea Wangoni wengine, wa ukoo wa Maseko, waliokuwa wamefika kwa njia yao wenyewe. Vita vikazuka, na Maseko wakavuka Ruvuma kurudi kusini hadi Ntcheu. Mtu akiyaweka majina hayo manne kwenye ramani, yaani Jere, Maseko, Gama na Tawete, anapata mchoro wa mfarakano ambao hakuna karani aliyeuandika ulipotokea.

Jambo la kushangaza ni kwamba lugha haikudumu kama majina. Kingoni cha Songea leo ni jirani wa Kimatengo wala si ndugu wa karibu wa Kizulu, na kutoka lugha ya zamani yamebaki maneno machache kama nkosi, yaani mtawala, na nduna, yaani jemadari au msaidizi wake. Sababu imo nyumbani: mtoto alijifunza kusema kwa mama, ambaye mara nyingi alikuwa mwenyeji aliyetekwa au kuolewa, lakini isibongo, yaani jina la ukoo, neno linalotokana na kitenzi bonga chenye maana ya kusifu au kushukuru, alilipokea kwa baba.

Kosa huanza pale kanuni hiyo inapogeuzwa, ikadhaniwa kwamba kila Mngoni ana jina la kusini. Wenyeji wengi waliingizwa katika dola ya Kingoni wakawa Wangoni, huku majina kama Komba, Mapunda na Nchimbi yakionekana pande zote mbili, kwa Wangoni na kwa Wamatengo waliojihami milimani na kulima miteremko yake kwa mashimo ya ngoro. James Komba, askofu mkuu wa kwanza wa Songea, na Kapteni John Komba, mwanamuziki na mbunge wa Mbinga Magharibi aliyezikwa Lituhi mwaka 2015, walikuwa na jina moja, lakini jina hilo peke yake halitoshi kuthibitisha kwamba wametoka shina moja. Wala kamusi ya Kiswahili, inayomtaja komba kama mnyama mdogo wa usiku, si shahidi wa maana ya jina lililozaliwa katika lugha nyingine.

Hatua ya mwisho ni kuchunguza jinsi jina lilivyoingia kwenye karatasi. Kumbukumbu za walionyongwa na Wajerumani Songea mwaka 1906, wakati wa vita vya Majimaji, zinataja Mputa Gwezelapasi Gama na Songea Luwafu Mbano: jina la mtu, la baba, kisha la ukoo. Tahajia yenyewe haikutulia, kwa kuwa l na r hubadilishana, na Gwezelapasi huweza kuandikwa Gwezerapasi. Misheni nazo ziliongeza tabaka la mbele: Wabenediktini wa Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, walibatiza milimani kwa majina ya watakatifu wa Roma, kama Gaudence na Sixtus, ilhali Liuli, alikozikwa mmisionari W. P. Johnson mwaka 1928, ilikuwa ya Waanglikana waliofika kutoka kisiwa cha Likoma. Jina la kwanza, basi, huweza kudokeza misheni, na la mwisho njia ya mababu, lakini halithibitishi kabila.

Msomaji wa Mbinga au Mbamba Bay aliye na mzee nyumbani na aandike jina la ukoo kama mzee anavyolitamka, si kama lilivyo kwenye cheti, pamoja na kijiji alichozaliwa babu na upande wa ziwa au wa Ruvuma ambako ukoo husema ulitokea.