Penzi Lililofunga Mdomo

Penzi la watu wawili wasio na kizuizi halimpi mwandishi kazi. Wakishaambiana, kilichobaki ni harusi, nayo huisha kwa siku moja. Kazi huanza anapoingia mtu wa tatu, na wengi hudhani kazi hiyo ni ugomvi: makofi, barua zilizoibwa, sumu kwenye glasi. Mimi nashikilia kwamba ufundi wa tamthilia ya mapenzi uko kwingine. Uko katika kumtafutia mhusika sababu nzito ya kunyamaza, kisha kumwachia mtazamaji ajue yote ambayo mhusika hathubutu kuyatamka. Mtu wa tatu ndiye sababu hiyo.

Butembo na Beni, miji ya mashariki mwa Kongo, ni mahali pazuri pa kuupima ufundi huu. Tamthilia nyingi za Mexico na Colombia huingia huko zikiwa zimewekewa sauti za Kifaransa, na sebuleni watu wanazungumza Kinande na Kiswahili. Bibi asiyejua Kifaransa huketi na wajukuu wake na hadithi haimpotei. Maneno yanampita, macho hayampiti. Chukua Rubí, tamthilia ya Televisa ya mwaka 2004. Rubí, aliyeigizwa na Bárbara Mori, anampenda Alejandro, daktari kijana asiye na mali, lakini anamnyakua Héctor tajiri, mchumba wa rafiki yake Maribel. Hila za kumpata Héctor zinahitaji maneno mengi, na asiyeijua lugha atahitaji kuelezwa. Rubí akishaolewa na kukutana tena na Alejandro mbele ya watu, hakuna wa kuelezwa kitu. Ukimya ndio sehemu ya tamthilia isiyohitaji mkalimani, na kwa hiyo ndiyo sehemu inayosafiri mbali kuliko zote.

Kiswahili nacho kina kazi zake. Katika Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2012, Cheche ni mpiga picha wa Bagamoyo na mume wa Cheusi. Waandishi walichagua vizuri: mpiga picha ana ruhusa ya kumtazama mwanamke kwa muda mrefu, wala hakuna wa kumuuliza. Kazi yake inamfunika, na mtazamaji peke yake ndiye anayeona pale kutazama kunapovuka mpaka wa kazi. Maria ya Citizen TV ya Kenya, 2019 hadi 2021, ilisimama juu ya Luwi, kijana wa nyumba ya kitajiri mwenye mchumba, Sofia, na moyo unaomvuta kwa Maria aliyetoka mtaa wa mabanda. Hapa nina shutuma moja. Pembe tatu ya mapenzi hulegea kila mwandishi anapomfanya mchumba wa kwanza kuwa mtu mbaya. Mpinzani akiwa mwovu, kumwacha ni haki, na mwenye kutenda haki hana haja ya kunyamaza. Mpinzani akiwa mwema ndipo ulimi unapofungwa kweli.

Kuna pingamizi la kwanza: watazamaji wetu wanapenda maneno, na ukimya unawachosha. Wanaosema hivyo watanipa mfano wa Lufufu wa Dar es Salaam, aliyejipatia jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe, akijaza mahali filamu ilipotulia. Ninauheshimu ufundi wake, lakini haunipingi. Msimulizi alijaza kwa sababu kulikuwa na kitu cha kujazwa. Ukumbi mzima ulikwishahisi jambo. Kinachochosha ni ukimya usio na gharama, ule wa kurefusha sehemu hadi wiki ijayo huku mhusika angeweza kusema na lisiharibike lolote. Huo ni uvivu, na upo mwingi.

Tena, mtazamaji wa Butembo hahitaji kufundishwa kusoma yasiyosemwa. Kwa Wanande ndoa ni jambo la koo mbili, mahari ni mbuzi, na mbuzi wakishapokelewa binti hana tena neno lake peke yake. Akimpenda mwingine, atamwambia nani? Hata kitenge husema: katika nchi zinazotumia Kifaransa barani Afrika iko chapa maarufu inayoitwa jicho la mpinzani wangu, na mwanamke akiivaa hana haja ya kufungua mdomo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Beni imezika watu wake kwa mamia katika mauaji yaliyoanza Oktoba 2014. Je, ni adabu kuzungumzia macho ya wapenzi? Naona ni adabu, na ni haja. Mahali ambapo usiku ukitulia watu husikiliza hatua za muuaji, saa moja ya ukimya wenye maana ya mapenzi si anasa. Wanaosema tamthilia hizi hufundisha uzinzi nao wanasahau kwamba mhusika anayejizuia kwa sababu ya ahadi aliyompa mwingine ndiye anayetufanya tukaze macho kuliko anayejiachia.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Butembo na Beni wanaoandika michezo wasiige Mexico. Malighafi wanayo. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, kwa sababu ya Ebola, watu waliambiwa wasipeane mikono, wakanawa na kupimwa joto kwenye vizuizi vya barabarani. Mwekeni hapo muuguzi aliyekwisha kutolewa mbuzi na mtu mwema, na mbele yake mfanyabiashara anayerudi kutoka Kasindi mpakani, aliyempenda zamani, na kipimajoto tu kati yao. Iandikeni kwa Kiswahili chenu na Kinande chenu. Mkifika mahali ambapo mmoja anataka kusema anapenda, lifuteni neno hilo, mtafute kwanza ni nani atakayeumia likisemwa.