Sauti za ndugu: kundi la Makoma na korale zetu

Mtu akizungumzia muziki wa injili wa Kongo, hawezi kuruka Makoma. Kundi hili lilianza Kinshasa mwaka 1993, kisha likahamia Uholanzi. Walikuwa ndugu sita, wavulana watatu na wasichana watatu, pamoja na rafiki yao Patrick Badine. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1999, na mwaka 2002 wakapata tuzo ya Kora.

Nguvu yao iko wapi? Watoto waliokulia nyumba moja wanatamka «a» na «o» kwa namna moja, wanajua dada yao atapumua wapi. Njo maana sauti zao zinashikamana. Korale ya watu arobaini inatafuta umoja huo kwa miaka.

Lakini tuseme ukweli: kinanda na ngoma za mashine mara nyingi zinafunika sauti hizo. Maneno ni Lingala, ila mwendo wa wimbo ni wa Ulaya na Marekani.

Tulinganishe na Missa Luba ya Kamina. Mwaka 1958 Padri Guido Haazen alipeleka Ulaya kwaya yake, Les Troubadours du Roi Baudouin. Kule maneno ni Kilatini, lakini nyimbo ni za kwetu, na hakuna kinanda, ni sauti na ngoma tu. Misa ya kizungu ilikubali kubeba muziki wa Kongo. Kwa Makoma, Lingala ndiyo imebeba muziki wa wengine.

Jambo hili linatugusa sisi wa Goma. Kinande, Kihunde na Mashi ni lugha za toni: ukipandisha sauti mahali pa kushusha, neno linaweza kugeuka. Tukichukua wimbo wa kizungu na kubandika maneno yetu juu yake, bibi hasikii tena lugha yake. Mtunzi aanze na neno, alisikilize linavyopanda na kushuka, halafu atafute sauti nne.

Na kazi hiyo inaanzia nyumbani. Vita imetawanya familia nyingi za kwetu, yaya huku, mdogo kule. Nyimbo walizokuwa wanaimba pamoja jioni zinakatika. Kabla ya kununua baffle ingine, korale ikusanye ndugu waliobaki, waimbe bila kinanda. Tukisikia vizuri wanavyoshikamana, tutajua kinanda kiingie wapi.