Ujumbe wa Jirani Ulivyoacha Kupitia Ng'ambo

Mwaka 2000 jijini Nairobi, mtu wa Westlands aliyemwandikia barua pepe mwenzake wa Upper Hill hakujua ni safari gani alikuwa ameianzisha. Ikiwa wawili hao walikuwa wateja wa kampuni tofauti za intaneti, barua hiyo haikuvuka mji. Ilipanda setilaiti, ikashukia Ulaya au Marekani, ikapanda setilaiti tena, ndipo ikarejea Nairobi kumtafuta mwenyewe.

Tupige hesabu. Setilaiti za mawasiliano za aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda mara mbili na kushuka mara mbili ni zaidi ya kilomita 143,000. Hata kwa kasi ya mwanga, hiyo ni karibu nusu sekunde, na jibu lilichukua nusu nyingine. Bado hatujahesabu foleni ndani ya mitambo. Ukurasa mmoja wa wavuti huhitaji kuulizana na kujibizana mara kadhaa kabla haujafunguka, na kila zamu ilikuwa ikimeza sekunde yake. Juu ya yote, njia ya setilaiti ililipiwa kwa dola, kwenda na kurudi. Mawasiliano ya jirani na jirani yalikuwa yakinunuliwa kwa bei ya ng'ambo.

Mazungumzo ya uchumi wa kidijitali huanzia kwenye minara, mikongo na majengo yenye vioo. Kwa Kenya, nadhani hatua iliyobeba nyingine zote ilikuwa ndogo kuliko hizo: chumba kimoja, na ruhusa ya kukitumia.

Chumba hicho ni KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti, kilichoanzishwa na kampuni za intaneti kupitia chama chao, TESPOK. Ufundi wake si mgumu. Katikati kuna swichi. Kila kampuni huvuta waya wake hadi hapo na kuunganisha ruta yake. Ruta hizo huelewana kwa itifaki iitwayo BGP, na kila moja hutangaza anwani za wateja wake, yaani, mwenye ujumbe wa anwani hizi aulete kwangu. Tangazo likishapokelewa, ujumbe wa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa nyingine hukatiza chumbani na kufika. Ujumbe wa nje ya nchi huendelea na njia yake ya zamani. Kampuni huchangia gharama za kuendesha kituo, na swichi haifungui pakiti, yaani vipande vya ujumbe, kusoma kilichomo. Hutazama mlango inakokwenda, ikaipitisha.

Ufundi ulikuwa rahisi, lakini sheria ilikuwa na kikwazo. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1998 ilikuwa imelivunja lile shirika kubwa la posta na simu, na mwaka 1999 zikazaliwa Telkom Kenya, shirika la posta na mdhibiti, CCK. Mageuzi hayo yalikuja na sharti: Telkom Kenya ilipewa ukiritimba wa miaka 5, na njia ya intaneti kwenda nje ya nchi ilikuwa mikononi mwake. KIXP ilipowashwa Novemba 2000, Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake imeingiliwa. Haikupita wiki mbili, mdhibiti akaamuru kituo kifungwe kwa kukosa leseni.

Hoja iliyotolewa na kampuni za intaneti inastahili kusomwa na kila anayeandika sera. Hazikuomba ukiritimba uvunjwe. Zilisema ukiritimba unahusu trafiki inayovuka mpaka, na trafiki ya KIXP haivuki mpaka wowote. Kila pakiti iendayo nje ingeendelea kupita kwa Telkom Kenya. Zilisema pia kwamba kituo ni cha kundi maalumu la wanachama, si huduma inayouzwa kwa umma. Kwa maneno mengine, zilitenganisha vitu viwili ambavyo sheria ilikuwa imeviacha vimechanganyika: kutoka nje ya nchi, na kukutana ndani ya nchi.

Ilichukua takriban mwaka mzima wa kubishana, kushawishi na kuelimishana. Leseni ilitolewa Novemba 2001, na Februari 2002 kituo kikawashwa upya, safari hii kikiunganisha kampuni 5. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa watano waliokuwa wakinyang'anyana wateja mchana kutwa walikubali kukaa chumba kimoja, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenye chumba. Msingi wa kuaminiana ulikuwa huo.

Tazama kilichojengwa juu yake. Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilitua Mombasa, na mwaka uliofuata EASSy. TEAMS, inayotoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, ilisukumwa na serikali kwa ubia na kampuni binafsi baada ya mazungumzo ya EASSy kukawia. Mtu angedhani mikongo ingekifanya chumba kipitwe na wakati, kwa kuwa njia ya nje sasa ilikuwa ya haraka na nafuu. Utafiti wa shirika la Internet Society wa mwaka 2012 ulionyesha vingine. Ujumbe wa ndani uliokuwa ukichukua milisekunde 200 hadi 600 sasa ulichukua 2 hadi 10, na kampuni zilikuwa zikiokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Google nayo ilikuwa imekwisha kuweka nakala za maudhui yake nchini. Wakati huo takriban asilimia 30 ya trafiki ilipatikana ndani ya nchi. Kufikia mwaka 2020 ilikuwa asilimia 70, na kilele cha trafiki ya KIXP kilikuwa kimepanda kutoka gigabiti 1 kwa sekunde hadi 19.

Wanaoagiza mifumo wasisahau kwamba njia fupi haina faida ikiwa kinachotafutwa hakiko mwisho wake. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, lakini kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani. Mama mboga wa Gikomba akilipwa na mteja aliyesimama mbele yake, hesabu ilifungwa Ulaya. Mwaka 2015 ndipo Safaricom ilipozileta nyumbani. Siku hizi swali la mahali pa kuweka seva linazihusu kaunti. Mfumo wa kulipia vibali au wa rekodi za hospitali ukikaa kwenye seva ya nje, mkongo ukikatika baharini, zahanati nayo inakwama. Mei 12, 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja na huduma zikazorota Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, kinachobaki kikifanya kazi ni kile chenye seva nyumbani, chenye njia ya kubadilishana nyumbani, na ambacho jina lake pia hutafutwa kwenye seva za majina zilizo nyumbani. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, viwili vilivyobaki havisaidii.

Hata hivyo, ukaribu una upande wake wa pili, na hapa nasema kwa uzito. Data iliyo karibu na mwenyewe iko karibu pia na mkono wa anayetaka kuichungulia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 50, inampa Waziri uwezo wa kutaka uchakataji wa aina fulani ufanyike kwa seva zilizo Kenya. Ni uwezo wenye manufaa. Lakini anayeutumia amewaambia wananchi kwamba nyumbani ni salama kuliko ng'ambo, na ahadi hiyo hailindwi na kuta za jengo. Inalindwa na Kamishna wa Data asiyeyumbishwa, na mahakama inayodai kibali kabla ya kumbukumbu ya mtu kufunguliwa, na serikali isiyogusa swichi siku ya maandamano.

Kampuni zile 5 za mwaka 2002 zilileta trafiki yao Nairobi kwa sababu ziliamini mambo matatu: kwamba chumba si cha mshindani, kwamba kanuni ni moja kwa wote, na kwamba hakuna atakayefungua pakiti kuisoma. Hayo yakihakikishwa kwa mkulima anayelipia pembejeo kwa simu na kwa mgonjwa mwenye faili hospitalini, hawatahitaji kushurutishwa na kifungu chochote. Wataileta data yao nyumbani wenyewe.