Mapafu Peke Yake Hayatelezi

Masika yakikolea huku Tarime, watoto hubandua magome ya mgomba na kuyatelezea kwenye miteremko ya udongo mwekundu. Mtazame anayejaribu kusimama juu yake kwa mara ya kwanza. Gome likianza kwenda, hofu humvuta nyuma, miguu hutangulia kiwiliwili, na kufumba na kufumbua amekaa topeni. Mzoefu hukunja magoti na kuinamia kulekule anakoelekea. Hilo ndilo somo la kwanza la ski, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, na ndilo hunirudisha kila mara kwenye mbio za Philip Boit.

Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, Kenya, alikuwa na miaka 24 alipopelekwa Finland mwaka 1996 pamoja na Henry Bitok, kwa ufadhili wa Nike. Matumaini yalikuwa kwamba pumzi za Bonde la Ufa zingefaa kwenye ski za masafa marefu. Tarehe 12 Februari 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, alishindana kilomita 10 kwa mtindo wa klasiki. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alifika wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25.5. Dæhlie alimngoja mstarini akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Wengi huishia kwenye kumbatio hilo, nami linanigusa. Lakini zile dakika 20 zilipotea wapi?

Zilipotea chini ya nyayo. Ski ya klasiki imepinda kama upinde: ukiilaza chini, ncha zinagusa na katikati pameinuka. Hapo katikati hupakwa nta ya kushika theluji. Ukigawa uzito kwa miguu yote miwili, nta haigandamizwi na ski inateleza. Ukiuhamishia uzito wote mguu mmoja, upinde unanyooka, nta inang'ata, na kwa nukta hiyo fupi unapata pa kujisukumia. Kwa hiyo msukumo unatakiwa kwenda chini, na mapema, miguu inapopishana. Mkimbiaji amezoea kinyume chake: husukuma ardhi mguu ukiwa umeshabaki nyuma, na huondoa unyayo haraka. Akifanya hivyo juu ya ski, upinde umeshainuka, nta haishiki kitu, mguu unachomoka nyuma bure. Nguvu imetumika, mwendo hakuna. Kisha lazima asimame juu ya mguu mmoja huku ukiteleza, jambo ambalo mbio hazimdai mtu hata mara moja.

Nyumbani Kenya Boit alifanya mazoezi kwa ski za magurudumu barabarani. Chombo hicho hujenga mikono na pumzi vizuri sana, ila kina hila moja: gurudumu la klasiki limefungwa lisirudi nyuma, hivyo hushika hata ukisukuma kwa kuchelewa. Lami inasamehe kosa ambalo theluji hailisamehe. Naona mwanafunzi yeyote wa magurudumu anaweza kuzoea kosa lake kwa miezi bila kulijua.

Ndiyo maana nayathamini sana madarasa ya wanaoanza katika vyuo vya nchi za baridi. Mkufunzi huwanyang'anya fimbo za kujisukumia kwanza, ili mikono isifiche udhaifu wa miguu. Huwavalisha ski moja tu, uwanja tambarare: mguu usio na ski unasukuma, wenye ski unabeba mwili wote na kuteleza, kisha wanabadilishana. Robel Teklemariam, Mwethiopia wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, aliipata ski kwa njia ya masomo: alikulia Marekani na kufikia kushindania Chuo Kikuu cha New Hampshire. Usawa wa mwili ulimwingia akiwa bado mdogo. Boit aliuanza akiwa mtu mzima, juu ya misuli iliyokwisha kufundishwa kitu kingine.

Zoezi lile la mguu mmoja halihitaji theluji. Mkufunzi wa michezo katika chuo cha ualimu hapa Tarime anaweza kulifanyia kwenye nyasi zenye umande, kwa kipande cha gome la mgomba chini ya unyayo mmoja.

Boit alirudi kwenye Olimpiki, Salt Lake City mwaka 2002, kisha Turin mwaka 2006, akiwa na miaka 34, kwenye kilomita 15 za klasiki. Safari hii walikuwepo waliomaliza nyuma yake.